Matumbawe ya Bibi Manka

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kampuni ya kutunza matangi ya samaki, Meneja alinikuta nashangaa kitu nilichodhani ni jiwe lenye vidole. Alikuwa mtu wa Tanga, mkali lakini hana kinyongo. "Hilo ni tumbawe," akasema. "Ni mnyama. Akijikunja usimlaumu, pima maji." Mimi mtoto wa mgombani, bahari nilikuwa naiona kwenye kalenda tu!

Serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, na wenye nafasi zao Moshi walianza kuweka sebuleni matangi ya samaki wa maji ya chumvi. Nilianza na ya mjini, kisha nikapandishwa cheo kuwa fundi wa njia ya Himo na Marangu.

Huko ndiko nilikokaribia kufukuzwa. Nyumbani kwa mfanyabiashara mmoja wa kahawa, matumbawe yalianza kupauka nchani, na mikono yao midogo ya kulia chakula ikajificha. Nikapima chumvi: sawa. Joto: sawa. Taa nzima. Nikabadilisha maji kiasi, hali ikazidi kuwa mbaya. Meneja akasema, "Yakifa hayo, ndoo zangu zirudi, wewe baki hukohuko."

Safari iliyofuata nikapitisha kidole kwenye pampu. Ilikuwa na ukoko mweupe kama wa birika. Nikatia matone ya kupimia alkali, yaani kinyume cha uchachu. Tone juu ya tone, rangi ikagoma kugeuka: alkali ilikuwa imezidi mno. Kuna mtu alikuwa anatia kitu!

Bibi Manka, mama wa mwenye nyumba, alikuwa pembeni anachambua maharage.

"Shikamoo, bibi. Nani anatia kitu humu?"

"Marahaba. Ni mimi. Si ulisema ni wanyama? Ng'ombe wangu akizubaa nampa magadi. Hawa nao nawapa kijiko. Leo nimeongeza, maana wanazidi kukonda."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilipomweleza kuwa magadi yanawaunguza, machozi yakamlenga. "Nimewaua?"

"Bado wazima, bibi."

Roho iliniuma. Kumkataza asiguse tangi ningemvunja moyo. Basi nikachora mstari kwenye kioo, nikamwambia maji hukauka yakaacha chumvi, hivyo kila asubuhi ajazie maji baridi, yasiyo na chumvi, mpaka hapo.

"Aika, mwanangu," akashukuru, na mstari ule hakuupita hata siku moja. Mimi nikapunguza magadi kwa kubadilisha maji kidogo kidogo. Kahawa ilipoanza kuiva, rangi ilikuwa imerudi, na kazi yangu nayo imepona.

Sasa nimestaafu. Vijana hunipigia: mzee, matumbawe yanadhoofika, nipime nini? Pimeni chumvi, joto na alkali, sawa. Lakini kwanza ulizeni ni nani humo ndani anayewapenda wale wanyama kuliko wote, kisha mpeni kazi ya kufanya.