Pikipiki ya Mirathi

Harufu ya mafuta ya taa hunirudisha uani kwetu Jang'ombe, kwenye beseni la bati ambalo mama yangu, Bi Zuhura, alikuwa akioshea vyuma. Wenzangu wa nyumba za jirani waliamka kwa harufu ya mandazi. Mimi niliamka kwa harufu ya mafuta ya taa na grisi iliyoganda, na kwa sauti ya msasa ukikwaruza kutu. Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi, mchele ni wa kupanga foleni, vipuri haviingii, na mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi hivi. Watu wengi husimulia utoto wao huku wakitabasamu. Mimi nikiukumbuka msimu ule hasira hunipanda mpaka leo, na sioni sababu ya kuificha.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya babu yangu, baba yake mama. Aliinunua ikiwa kuukuu kwa Mwingereza mmoja aliyekuwa akirejea kwao, akaitumia kuzungukia mashamba ya karafuu alikofanya kazi ya ukarani. Wanawe wa kiume waliogopa kuchafua kanzu zao, kwa hiyo kila ilipoharibika aliyemshikia taa na kumpa spana alikuwa binti yake. Babu alipofariki aliacha watoto watatu: Mjomba Seif, Mjomba Haji na mama. Sheria ya mirathi inajulikana, mwanamume mafungu mawili na mwanamke moja, na mama hakuwa na neno nayo. Mwalimu wa dini aliyewasimamia aliwaambia wazi kwamba chombo kama kile huuzwa watu wakagawana thamani yake, au mmoja akakichukua akawafidia wenzake. Lakini Mjomba Seif hakutaka kumwona Haji juu ya pikipiki ya baba yao, na Haji hakutaka kumwona Seif. Basi wakamwita fundi baiskeli, wakamwamuru aifungue yote pale barazani, wakaigawa vipande vipande kama nyama ya ng'ombe. Mjomba Seif akachukua injini. Mjomba Haji akachukua magurudumu, tangi na kiti. Mama akasukumiwa fremu tupu na usukani wake.

"Zuhura, hiyo utaanikia nguo," alisema Mjomba Seif, na baraza nzima ikacheka. Mama aliibeba fremu yake begani kutoka Mji Mkongwe mpaka Jang'ombe, buibui limemporomoka mabegani, mimi nyuma nimeshika usukani. Alipoitua uani alinitazama, akaniambia, "Mwanangu, hii itamleta baba yako nyumbani."

Hilo ndilo alilolitaka, wala hakutaka jingine. Baba alikuwa dresa, mfunga vidonda, ametiwa kazini kwenye kituo cha matibabu Makunduchi, na magari ya kwenda kusini yalikuwa machache na mabovu. Alikuwa akija anapobahatika, pengine mwezi unakwisha hatujamwona. Mdogo wangu, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kusema, siku moja alimwona Baba mlangoni akakimbia ndani kupiga kelele kwamba kuna mgeni. Baba alicheka, akamtania, akampa embe. Mama hakucheka. Nilimwona akigeuza uso na kujitia anapepea mkaa uliokwisha kushika moto zamani.

Akaanza kuvisaka vipande. Magurudumu Mjomba Haji alikwisha kuyafunga kwenye rikwama lake la kubebea mizigo Darajani, na tangi mkewe alikuwa akiwekea mafuta ya taa. Pesa mama hakuwa nazo, lakini alikuwa na mikono, na mikono ile ilishona kofia zilizokuwa zikisifiwa mjini. Mjomba Haji alikuwa anamwoza mtoto wake, akataka kofia ya bwana harusi na za wapambe wake wote. Vitambaa vilikuwa adimu, mama akakata kanzu kuukuu, akatoboa vitobo na kuvizungushia uzi mpaka vidole vikawa vyekundu. Kofia zikaenda, magurudumu na tangi vikaja. Kiti hakikupatikana, watoto wa Mjomba Haji walikwisha kukifanya bembea na kukichana.

Injini ilikuwa uvunguni mwa kitanda cha Mjomba Seif, imeviringishwa gunia. Hakuwa na kazi nayo hata kidogo. "Nnamkumbukia baba," alisema, yeye ambaye babu alipokuwa mgonjwa hakumpelekea hata kikombe cha uji! Mwisho akasema ataitoa kama mama atamwachia minazi yake, ile michache aliyorithi kwa mama yao. Mama akamwachia. Baba aliposikia, aliuliza shahidi alikuwa nani. "Ndugu wa tumbo moja tuwekeane shahidi?" alisema mama. "Itakuwa namtukana kaka yangu." Ndivyo tulivyolelewa, kwamba kumwekea ndugu shahidi ni kumvunjia heshima. Simlaumu mama. Nawalaumu waliojua kwamba ataona haya, wakaitumia haya yake.

Msimu wote wa kipupwe ulipita uani. Mama aliloweka kila chuma, akakisugua, akakipanga juu ya mkeka wa ukindu kwa mpango alioujua yeye. Kitundu cha kabureta kilikuwa kimeziba kwa uchafu wa miaka, hakuna waya ulioweza kupita, mpaka alipokizibua kwa sindano yake ya kofia. Gasketi tulizikata kwa karatasi ngumu ya boksi. Ringi za pistoni alizipata Darajani kwa muuza vyuma mmoja aliyekubali kulipwa kofia ya Idi. Kiti tulikishona kwa gunia, tukakijaza usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, ambao Baba aliuleta kutoka Makunduchi. Mimi nilikuwa nikikaza nati, na nisipokaza vizuri mama huifungua akanirudishia bila kunigombeza. Majirani walipita wakichungulia. Wengine walisema Bi Zuhura ameingiwa na shetani, mwanamke mzima kashinda na spana. Mama aliwakaribisha chai.

Siku ilipowaka, kuku wa mtaa mzima walitawanyika. Moshi ulijaa uani, mama akasimama katikati ya moshi anakohoa na kucheka, na hicho ndicho kicheko chake ninachokikumbuka kuliko vyote. Kuanzia hapo Baba akawa anakuja kila wiki. Tulikuwa tukiisikia sauti yake kabla hajafika, na mdogo wangu akawa wa kwanza kutoka nje, si kukimbia mgeni bali kudai kupandishwa mbele ya baba yake.

Haikudumu. Ijumaa moja, Baba yuko nyumbani, wajomba wakaja wote wawili. Tukawapa shikamoo, wakaitika marahaba, wakakaa, wakanywa kahawa yetu. Kisha Mjomba Seif akasema, bila ya soni, kwamba amekuja kuchukua injini yake aliyoiazimisha.

"Kaka, si nilikupa minazi?" mama akauliza.

"Minazi ipi, Zuhura? Nani aliyekuona ukinipa?"

Mama alimgeukia Mjomba Haji, ambaye habari zote alikuwa nazo. Mjomba Haji alitazama kikombe chake. Baba akainuka kuwaongezea kahawa. Mirathi haikuwa yake, na mbele ya mashemeji alikuwa mtu wa staha kupita kiasi. Nilimkasirikia kwa staha ile miaka mingi. Mama akainuka, akaleta spana, akaiweka mbele ya kaka yake. "Haya, ifungue uichukue." Walihangaika nayo tangu baada ya sala mpaka jua linakuchwa, wakivuta, wakigonga, kanzu zimejaa grisi, wasiweze kufungua hata bolti moja ya injini. Mama alikaa kizingitini akishona kofia. Watoto wa jirani walicheka, na kicheko hicho ndicho kilichowatia kichaa. Wakaisukuma yote nzima nzima, wakatoka nayo, na fremu ya mama ndani yake.

Baba alirudi Makunduchi kwa gari la abiria, tukakaa wiki kadhaa bila ya kumwona. Mama alikwenda kwa wazee wa ukoo. Wakamwambia astahamili, asiwaaibishe kaka zake mjini. Kaka zake! Na yeye nani amwonee haya? Hakulia mbele yetu. Alifunga vyombo vyetu, akaaga majirani, akatuchukua tukamfuata Baba kusini. Huko tulikaa pamoja, alhamdulillahi, lakini wateja wake wa kofia walibaki mjini, na minazi yake ilianguliwa na watoto wa Mjomba Seif mpaka mama anakufa.

Sasa pikipiki zimejaa kila kona ya Unguja, kijana huchukua ya mkopo leo na kesho yumo barabarani, na sidhani kama kuna anayejua ringi zake zinakaa wapi. Hilo halinikeri. Kinachonikera nimekiona mwaka huu Mji Mkongwe, katika hoteli ya mjukuu wa Mjomba Seif. Pikipiki ile imewekwa ukumbini, imepakwa rangi inang'ara, watalii wanapiga picha. Pembeni pana kibao kinachosema kwamba Mzee Seif aliifufua kwa mikono yake mwenyewe. Nilikisoma nikarudia, kisha nikamwulizia mwenye hoteli.

Mjukuu akanipa shikamoo kwa adabu, akaniita shangazi. Nikamweleza yote, kofia, minazi, spana, na nikamtaka aandike jina la mama yangu. Akanisikiliza, kisha akaniwekea mkono begani. "Shangazi, hayo mambo marefu. Wageni wanapenda hadithi fupi."

"Basi fupi ni hii," nikamwambia. "Mama yangu aliiunda, babu yako akaichukua."

Akacheka, akidhani namtania.