Kilatini cha Leonilde

Padri Eligio alipopatwa na kiharusi, dada yake Leonilde alikuwa amemtunzia nyumba ya parokia ya Castelvara tangu ujana. Mimi nilipakana nao ukuta kwa ukuta. Hospitali ilimrudisha akiwa anatembea na kutambua watu, ila Kiitaliano kilikuwa kimemtoka kichwani, pamoja na lahaja yetu ya mlimani. Kilichobaki ni Kilatini tu, alichofundishwa seminarini tangu utotoni.

Leonilde alikuwa na Kilatini cha sala, kama sisi sote wa rika lile: unaliimba neno bila kujua limebeba nini. Maneno ya maji na mkate aliyaelewa, kwa kuwa yanafanana na ya kwetu. Lakini kaka yake alipoomba moto, ignis, yeye alisikia agnus, mwanakondoo wa kwenye misa, akatoka mbio kwenda kwa mchinjaji. Waliokuwa wakija kumjulia hali padri waliona haya kukaa bila la kusema. Wakapungua, mwisho wakaacha. Ikawa nyumba ya watu wawili, kila mmoja peke yake.

Ndipo Leonilde akaenda kwa mwalimu Ottorino Persichilli, mstaafu aliyewahi kusomesha Kilatini mjini Isernia. Walisomea jikoni kwa mwalimu alasiri, mimi nikibaki na padri. Walianza na majina ya vitu vya nyumbani, kisha vitenzi vya wakati uliopo.

Hapo tabu ikaja. Padri alikuwa akiuliza mama yuko wapi, na mama yao alizikwa kabla ya vita. Leonilde alimjibu kwa upole, kwa wakati uliopo, ndio pekee aliokuwa nao: mama analala. Basi padri akakataa kula mpaka mama aamke. Alikaa mbele ya supu ya maharage ikipoa, macho kwenye mlango wa chumba.

"Mwalimu, nipe wakati uliopita," Leonilde alimwambia Ottorino. "Huu wa sasa unaniua."

"Bado hujaumaliza, Leonilde. Utazichanganya nyakati."

"Nitazichanganya. Kaka yangu hali chakula."

Akampa. Alimwonyesha jinsi kitenzi kinavyobadilika mkiani, na vingine hubadilika hata tumboni, na hivyo dawa yake ni kukariri tu. Nilimsikia kupitia ukuta akijisomea huku mikono ikifanya kazi: coxi, nilipika, lavi, nilifua, clausi, nilifunga. Kazi alizozifanya miaka yote bila kumhadithia mtu, sasa alizitamka moja moja.

Jumapili moja baada ya misa alimwambia: mater obiit. Mama alifariki. Nilikuwepo, nilikuwa nimewapelekea mayai. Padri alimtazama sana, kisha akamsahihisha matamshi, vile alivyokuwa akifanya zamani akirudi likizo kutoka seminari, dada mtu akiwa ametolewa shule ili ada ya kaka ipatikane. Halafu akajifunika uso akalia. Jioni alikula.

Toka hapo wakawa wanaongea, kidogo kidogo. Siku moja, Leonilde alinisimulia mwenyewe, kaka yake alimuuliza: na wewe je, ulifanya nini maisha yako yote?

"Hajawahi mtu kuniuliza hivyo," aliniambia. "Kwa lugha yoyote."

Alikuwa na mengi ya kujibu. Kulikuwa na fundi wa visu kutoka Frosolone aliyemposa mara mbili. Kulikuwa na ile shule aliyotolewa. Maneno ya kuyasemea hakuwa nayo. Alitafuta, akapata moja tu: mansi. Nilibaki.

"Akasemaje?" nikamuuliza.

"Alinishika mkono. Baadaye akaomba maji."

Padri alifariki Februari, barabara ikiwa imefungwa na theluji, akazikwa na watu wachache. Akaletwa padri kijana, na Leonilde akahamia chumba kimoja juu ya duka la viatu. Mwalimu Ottorino alimsihi aendelee na masomo. Alienda mara mbili akaacha. Alisema mwalimu anajibu kila kitu kwa usahihi, lakini hana lake mwenyewe la kumwambia.

Nikimtembelea tunaongea lahaja yetu: mafuta ya zeituni yamepanda, magoti yanauma. Mara nyingine hunyamaza ghafla, midomo ikicheza, kama anatafuta mkia wa neno. Mimi Kilatini sikijui. Huwa nangoja tu hadi arudi kwenye maongezi.