Gunzi Kwenye Mtungi wa Dawa

Mpaka leo mtu akiniambia maziwa huondoa sumu mwilini, hasira hunipanda hadi utosini. Haki ya Mungu, hunipanda!

Miaka ya tisini nilikuwa kibarua katika shamba moja la majani chai, upande wa Mogogosiek. Siku za kunyunyizia magugu dawa hatukupewa glavu wala gambuti. Tulipewa maziwa, kila mtu pakiti yake. Nyapara aligawa huku akicheka, ati tumbo likiwa na maziwa dawa haiwezi kukufanya kitu. Nasi tulimshukuru.

Asubuhi moja akamtuma jirani yangu wa laini, zile nyumba za wafanyakazi, mama wa watoto wawili, akalete dawa stoo. Ilikuwa bado haijachanganywa na maji, kali ajabu. Mtungi haukuwa na kifuniko. Mtu wa stoo alikuwa ameuziba kwa gunzi la mahindi, basi. Mwenzangu akaubeba mgongoni kwa kamba, vile sisi hubeba maji ya mtoni. Mvua ilikuwa imenyesha na mteremko ule ni mbaya. Akateleza, gunzi likachomoka, dawa ikammwagikia mgongo mzima hadi kiunoni.

"Woi, naungua!"

Nyapara akaja mbio. Mnadhani alisema nini? "Mpeni maziwa! Haraka!" Wakamnywesha pakiti moja, wakaongeza nyingine, na nguo iliyolowa dawa bado imemganda mgongoni. Sasa niambieni, dawa iko mgongoni, maziwa yanaenda tumboni kufanya nini?

Mfereji ulikuwa pale pale kwenye kitalu cha miche. Nikasema, "Mzee, si tumvue nguo tumwoshe?"

Akanifokea. "We mama, utamvua mwenzako mbele ya wanaume? Huna adabu?"

Adabu! Mtu anachunika ngozi na yeye anatafuta adabu! Nilimvuta jirani yangu hadi kwenye mfereji, nikamrarulia nguo, nikafungua maji yote. Nikamwosha na kumwosha mpaka mikono yangu nayo ikaanza kuwasha. Yeye alikuwa akiniuliza kama ngozi bado ipo. Nilimdanganya kwamba ipo.

Hospitalini muuguzi aliuliza, "Kwani hapo kazini hamna maji? Mbona mlikawia kumwosha?" Nyapara akaangalia dirishani.

Kidonda kilipona polepole, kikaacha kovu gumu. Akarudi kuchuma chai, na kila kamba za kikapu zilipomsugua, kovu lilipasuka. Alijifunga kanga mbili chini ya blauzi, na bado damu ilionekana. Alikuwa akichuma huku akilia kimya kimya, kwa sababu bila kazi hakuna nyumba. Haikumsaidia. Ofisi ikamwita, ikamwambia mtu asiyeweza kubeba kikapu hawana kazi naye, ahame laini mwisho wa mwezi. Mgongo waliouharibu wenyewe!

Siku ya kuhama, godoro lake nililibeba mimi hadi barabarani.