Seva Iliyofutwa Nikiwa Nanyonyesha

"Ukae mapokezi kwanza, mama, mpaka mtoto aache ziwa," bosi aliniambia mbele ya wenzangu. Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipoisha.

Nilikuwa nimesimama mlangoni, jasho linanitoka, mtoto mgongoni hajamaliza hata ziwa moja. Nilikuwa nimekimbia kutoka nyumbani baada ya kupigiwa simu kwamba wakala wetu wa Iguguno ana foleni ya wakulima wa alizeti mbele ya mzani, na ujumbe hauendi. Ofisi yetu kazi yake ni hiyo: wakala anapima gunia, anatuma uzito kwa simu, seva inapokea, mkulima anapata uthibitisho kwenye simu yake. Seva yenyewe haipo ofisini, ni mashine ya kukodi mtandaoni. Na siku hiyo haikuwepo hata huko.

"Mapokezi sikai," nilisema. "Nani kaifuta?"

Kijana ninayekaa naye meza moja akajikuna shingo. "Mama Kichanga, mimi nilidhani ni ya majaribio. Ina jina la ajabu."

"Uliniuliza?"

"Si ulikuwa umeenda kunyonyesha."

Muda wa kunyonyesha ni haki yangu kisheria, siombi kwa mtu. Lakini pale ofisini kila kilichoharibika kilikuwa kinapewa sababu moja: mama katoka.

Kabla sijajifungua, seva nilikuwa naitengeneza kwa mkono. Unafungua ukurasa, unabonyeza hapa, unachagua pale, siku nzima imekwisha, na ukisahau kitu kimoja unarudi mwanzo. Niliporudi kutoka likizo ya uzazi nikaona siwezi. Maziwa yanajaa, blauzi inalowa, na mimi bado nabonyeza. Nikamlalamikia rafiki yangu, tulikaa dawati moja sekondari, sasa anafanya kazi Dodoma. Akanitumia ujumbe wa sauti: "Shoga, acha kubonyeza. Andika."

Ndivyo nilivyoanza. Unaandika kwenye faili seva unayoitaka: ukubwa wake, programu za kuwekwa ndani, nani aruhusiwe kuingia. Kuna programu inayolisoma lile faili na kuijenga seva yenyewe. "Itakuonyesha kwanza inataka kufanya nini," akanionya. "Ukisema ndiyo bila kusoma, usinipigie unalia." Siku ya kwanza ilinikatalia kwa sababu ya mabano niliyosahau kufunga. Baadaye nikajenga seva ndogo, nikaibomoa, nikaijenga tena, nacheka peke yangu kama mtoto aliyepata tope. Mwishowe nikaiandika hivyo hivyo na seva yetu ya kupokea uzito. Mimi ni wa kidato cha nne. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba haya naweza, ila yeye, na hakuchoka kunijibu hata siku moja. Namshukuru mpaka leo.

Namshukuru na mama mkwe, aliyeacha mbuzi wake kijijini Mungaa akaja kunishikia mtoto, kutwa anamsemesha Kinyaturu. Jioni moja alinikuta naandika.

"Kwa hiyo unaiandikia, halafu inajenga yenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Basi andika na ya kufua nepi."

Siku ile ya mapokezi sikubishana zaidi. Nilikaa mezani kwangu, nikamgeuza mtoto mbele, nikampa ziwa pale pale, mkono mmoja kwenye laptop. Rekodi za uzito zilikuwa zimehifadhiwa kwingine, hazikuguswa. Programu ikanionyesha kwamba seva iliyoandikwa kwenye faili haipo, na kwamba itaijenga upya. Nikasoma yote, nikakubali. Chai ya bosi haijapoa, wakala akapiga: "Dada, zinaenda."

Nilitaka kulia kwa shukrani. Bosi akachungulia kioo cha laptop.

"Kumbe ni hivi tu?"

"Ni hivi tu kwa sababu niliandika."

"Haya, basi yameisha."

Hayakuwa yameisha. Kijana alikuwa bado ana ruhusa ya kuingia na kufuta tena kesho, na mimi bado nilikuwa nasubiriwa mapokezi. Kesho yake asubuhi nikapeleka barua kwa mkurugenzi, nakala kwa bosi, nikasubiri igongwe muhuri wa kupokelewa:

"YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUBADILISHA SEVA KWA MKONO. Nashukuru ofisi kwa kuniachia nafasi ya kujifunza kazi hii. Nalalamika kwamba seva ilifutwa na mtu ambaye hakuuliza, na lawama akapewa mama anayenyonyesha. Naomba ruhusa ya kubadilisha seva kwa mkono iondolewe kwa wote, mimi nikiwemo. Anayetaka badiliko aliandike kwenye faili, mwenzake alisome, ndipo lifanyike. Naomba pia kauli ya kunihamishia mapokezi itenguliwe kwa maandishi, na mimi nipewe nakala."