Vigelegele vya Mama Paskali

Kigango chetu, huku milimani juu ya Rangwi, kina watu wengi wenye sauti, lakini mwenye vigelegele ni mmoja tu, Jenoveva. Mtu akitoa kitu kanisani, iwe trei ya mayai au mbao za paa, katekista humtaja jina na kusema, "Asimame tumwone." Jenoveva hupiga vigelegele, ndipo sisi wengine tunapiga makofi. Bila yeye makofi hayaanzi. Hakuna aliyeipitisha sheria hiyo, imekuwa tu.

Watu walivipenda vigelegele vile kupita kiasi. Silvano, mwenye duka la pembejeo, aliahidi mifuko miwili ya saruji, akaleta mmoja Jumapili hii na wa pili Jumapili iliyofuata, ili apigiwe mara mbili. Tulimcheka wazi wazi, na mara mbili akapigiwa. Jenoveva hakuwa na ubahili wa sauti. Alisema kuchukua kitu cha mtu na kumwacha aondoke kimya ni utovu wa adabu, tena kanisani.

Mwaka huu, kabla ya Pasaka, mwanawe wa pekee akafariki. Paskali alikuwa fundi umeme Tanga, alianguka akiwa kazini. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ametuma mabati ya upande wa altare, yakapandishwa na lori la mboga lililokuwa likirudi tupu. Tulimzika nyuma ya nyumba ya mama yake, kwenye migomba.

Jenoveva hakulia. Watu wakasema amejikaza. Mimi ni jirani yake, nilimwona kila siku, na nakataa. Mtu aliyejikaza unamwona anavyojizuia. Huyu hakuwa anazuia kitu. Alilima, alipika, aliitikia shikamoo za watoto. Siku moja nilimpelekea viazi vya kuchemsha, akala, akanawa, halafu akaniuliza kama tumeshakula.

Paa lilipokamilika, paroko akapanga Jumapili ya kuwashukuru waliochangia. Katekista Alen akaja kwa Jenoveva jioni moja, nami nilikuwepo nikichambua maharage. Akaamkia, akazunguka na habari za mvua na bei ya kabichi, mwishowe akasema kwamba Paskali ataombewa kwenye misa ya marehemu, lakini siku ya shukrani hatatajwa, wasije wakamtonesha mama yake kidonda. Alen ana huruma, simnyimi hilo, ila ni huruma ya kukwepa.

Jenoveva alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu alitoa," akasema. "Mtajeni na waliotoa."

"Mama, utaweza?"

"Mtajeni."

Alen akaniangalia mimi, eti nimsaidie. Nikainamia maharage yangu.

Jumapili hiyo kanisa lilijaa. Hata Mzee Twaha, Mwislamu aliyetoa mawe ya msingi kutoka shambani kwake, aliketi mbele na kofia yake safi. Akaitwa yeye kwanza, akasimama, na Jenoveva akampigia. Hatukuwa tumevisikia vigelegele vyake tangu msiba. Vilikuwa vile vile, na nikashusha pumzi. Akapigiwa Silvano, wakapigiwa akina mama wa jumuiya. Kisha Alen, sijui ni mazoea au hofu, akatamka kama alivyotamka kwa wengine wote:

"Paskali, mtoto wa Jenoveva. Asimame tumwone."

Alisikia mwenyewe alichosema, akabaki mdomo wazi. Nilitamani kumrushia kitabu cha nyimbo.

Jenoveva akasimama. Hapo ndipo tulipokwama, maana aliyesimama kushukuriwa ndiye huyo huyo wa kuanza. Kanisa zima likamngoja. Mimi nilifungua mdomo nianze kwa niaba yake, lakini akaniwahi. Jenoveva akapeleka kiganja mdomoni, akampigia mwanawe vigelegele virefu, safi, bila kutetemeka, peke yake. Alipomaliza alibaki wima, anatutazama. Mzee Twaha akapiga kofi la kwanza, na yetu yakafuata. Alingoja yaishe yote, ndipo akaketi.

Baada ya misa tulipakua chakula nje. Watu walimjia mmoja mmoja, wakimsifu kwamba ana moyo wa chuma, na paroko alimshika mkono kwa muda mrefu. Wote aliwajibu asante. Mzee Twaha hakumsifu, alisema tu, "Pole, mama," akaenda zake. Tulipobaki wawili kwenye sufuria nikamwambia, Mama Paskali, umemshukuru mwanao vizuri.

"Ameshukuriwa," akasema, huku akikwangua ukoko. "Ila nilitaka atajwe kwa sababu nilidhani nikimpigia nitalia. Tangu msiba nangoja kulia. Leo sauti imetoka yenyewe. Mimi sikuwemo."

Nililia mimi, tena kwa sauti, mbele ya wageni, na sahani niliyoshika ikaanza kuniponyoka. Jenoveva akanipokea ile sahani. Aliishika mpaka nilipomaliza kulia, akinitazama usoni kwa makini, kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo hilo hufanywaje.