Mchanga wa Grini ya Saba Kikaangoni

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Na Jumamosi ile zilikuwa zimeshapanda tangu asubuhi, sababu ya madimbwi.

Kazi yangu ni kutunza nyasi kwenye uwanja wa gofu, hapa hapa mjini. Kila mwaka nachimbua udongo kidogo kwenye grini, yaani pale penye nyasi fupi na shimo la mpira. Naukausha, naupitisha kwenye vichekecheo vilivyopangana, matundu makubwa juu na madogo chini, halafu naulinganisha na wa mwaka uliopita. Punje nyembamba zikizidi, zinabanana na maji hayazami. Sasa grini ya saba ilikuwa inatuamisha maji, na msimamizi wangu ameshanihukumu.

"Unamwagilia kama una bustani ya mchicha! Jumatatu nampa mtu mwingine hiyo kazi."

Mimi nilijua kosa ni la mchanga mpya ulioletwa na lori, tukautandaza pale. Ushahidi wangu ni kopo moja tu la mchanga wa mwaka jana, wa kabla ya lori, nimelihifadhi nyumbani Kariakoo, uvunguni mwa kitanda.

Nafika nyumbani, uvunguni hamna kopo. Natoka uani, namkuta mama yangu kakaa kwenye kigoda, anakoroga karanga zake za kuuza Mtaa wa Msimbazi. Karanga zake anazikaangia ndani ya mchanga wa moto, ndiyo zinaiva sawasawa bila kuungua.

"Shikamoo mama. Huo mchanga umeutoa wapi?"

"Marahaba. Si huu wako wa uvunguni? Msafi huo! Wangu umeshakuwa mweusi tii."

Yalaa! Nilipiga kelele mpaka jirani yetu wa ghorofani, yule mama wa Kihindi, akachungulia dirishani. Nikasema mama ameniponza, kazi ndiyo basi tena. Mama akaipua, akachekecha karanga pembeni, akaurudisha mchanga wote koponi, hata zile punje zilizomwagika sakafuni akazizoa kwa kiganja.

"Mwanangu, nimeukaanga, sijautafuna. Umeharibika nini?"

Kweli, umeharibika nini? Moto unaunguza vimizizi na majani makavu, lakini punje ya mchanga inabaki na unene wake ule ule. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Yeye hakucheka.

Jumatatu nikalitua mezani kwa msimamizi kopo linalonukia karanga.

"Hapa ofisini au gengeni?" akauliza.

Nikachekecha mbele yake. Wa mwaka jana karibu wote ukabaki kwenye vichekecheo vya juu. Ule niliouchimbua grini ya saba wiki ile, mwingi ukapita mpaka chini, laini kama unga wa sembe. Akauchota, akausugua vidoleni, akaguna.

"Lori lile lisiingie tena humu. Na ya saba endelea nayo wewe, mama karanga."

Narudi nyumbani na kopo langu, kikaango kimefunikwa, jiko limepoa. Kumbe tangu Jumamosi mama hajakaanga hata punje moja. Nilipomwambia kazi ipo, akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akasema, "Alhamdulillahi. Nilidhani nimekukatia riziki, mwanangu." Roho iliniuma, nikamkumbatia.

Nageuka kuvua viatu, namsikia anafungua kopo.

"Mama!"

"Nanusa tu," akasema.