Isale Hupokewa na Mwenyewe

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, kwetu Akheri, niliamini kwa wiki kadhaa kwamba nilikuwa nikimuua mama yangu.

Ilikuwa miaka ile bei ya kahawa ilipoanguka, watu wakang'oa mibuni ili wapande nyanya za kuuza sokoni Tengeru. Baba alinipa jembe nisafishe kona ya shamba. Pale, penye kaburi la babu, palisimama masale, mimea ya majani marefu ambayo kwetu huonyesha mpaka na hutumiwa kuomba msamaha. Nikayang'oa pamoja na magugu. Bibi, mama yake baba, alipoona hakunipiga. Aliniambia tu, "Mume wangu, anayeng'oa isale la kaburi huiita damu nyumbani. Nayo ikija haijui kutulia."

Mwezi haukwisha, nikaziona kanga za mama zimelowekwa katika beseni nyuma ya jiko, maji mekundu. Wiki ya pili, vilevile. Mama akawa anapumzika mara mbili kati ya mfereji na mlango, na ndani ya kope zake mlipauka. Nilimwendea bibi, nikamuuliza kama kosa huwa na dawa.

"Lina dawa," alisema, akakata jani la isale, akalifunga fundo. "Mpelekee uliyemkosea."

Tulipolipeleka, mama alikuwa amelala. Baba akanyoosha mkono alipokee kwa niaba yake, na bibi akaupiga ule mkono kama anavyopigwa mtoto penye chungu cha ng'ande, makande ya kwetu.

"Isale hupokewa na mwenyewe. Mkeo hana mikono?"

Mama akaamka, nikamweleza kosa langu, akalipokea kwa mikono miwili, akacheka kidogo. "Eliya, damu hii ya mwezi ilikuwa ikinisumbua kabla hujaijua njia ya shule. Nilikuwa naificha tu."

Nilisamehewa, lakini damu haikutulia. Siku ya nne tulimshika mama mikono, baba upande mmoja na mimi upande mwingine, bibi akifuata nyuma, tukaenda hospitali. Baada ya vipimo, daktari, mwanamke wa makamo, alichora parachichi kwenye karatasi, nami nikasogea kutazama.

"Kizazi ni kama parachichi dogo lililopinduliwa," alisema. "Chako kina uvimbe ndani, kama kokwa. Kwa tulivyoona, si saratani. Zipo njia tatu: vidonge vya kupunguza utokaji wa damu, kuutoa uvimbe peke yake, au kukitoa kizazi chote."

Muuguzi, kwa mazoea ya siku zile, akamsogezea baba fomu ya kukubali matibabu na kalamu.

"Toeni chote, yaishe," baba alisema. Sauti yake ilikuwa ya hofu. Leo nazitofautisha hofu na ukali, siku ile sikuweza. "Nasaini wapi?"

"Mwanangu," bibi alisema kutoka benchini, "isale hupokewa na nani?"

Baba akaitazama kalamu kwa muda. Kisha akaiweka mbele ya mama.

Mama hakuigusa. Aliuliza kwanza.

"Nikikitoa chote, nitazaa tena?"

"Hapana. Na damu ya mwezi itakoma kabisa."

"Na ukitolewa uvimbe tu?"

"Kizazi kitabaki, ila uvimbe unaweza kuota tena."

"Na nisipofanya lolote?"

Daktari akamfunua kope, akaiachia. "Damu itaendelea kukuishia, mama."

Mama akasema atameza vidonge pamoja na dawa ya kuongeza damu hadi apate nguvu, kisha atolewe uvimbe peke yake. Daktari akakubali, akamwambia kwamba akibadili nia, hata asubuhi ya upasuaji, atasikilizwa. Mama akaandika polepole, herufi baada ya herufi: Ndeshukurwa. Nilikuwa nikimwita mama, wengine wakimwita Mama Eliya. Nilikuwa sijawahi kuliona jina lake likiandikwa kwa mkono wake.

Alitolewa uvimbe, akapona. Masale tuliyarudisha kaburini, mimi na bibi, naye hadi anafariki alishikilia kwamba ndiyo yaliyoituliza damu. Sikumbishia. Kuhusu chanzo cha damu ile naamini alikosea. Kuhusu kalamu, katika chumba kile chenye watu waliosoma kumzidi, yeye peke yake ndiye aliyejua ilipaswa kuwa mkononi mwa nani.